Gunia Halina Nyonga

Wazazi wangu, shikamooni. Madereva wenzangu, habari za kazi. Humu ndani wengine tunasali kanisani na wengine msikitini, basi kila mmoja amshukuru Mungu kwa namna yake kwamba tumekutana kwa ajili ya watoto wetu.

Nimeandika maneno haya kwenye daftari kwa sababu nikisimama bila karatasi nitasema mawili na kukaa. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo mnivumilie nikisoma polepole. Sitataja jina la mtu.

Dada yangu ana binti wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo. Hasemi maneno, ila anaelewa kila kitu. Mwili wake mara unakaza kama ubao, mara unalegea, na shingo inachoka haraka. Tangu akiwa mchanga mama yake alimbeba mgongoni kutoka kwetu Kibaoni mpaka anakofanyiwa mazoezi ya viungo. Mtoto akarefuka, miguu ikawa inagonga magoti ya mama yake, na mgongo wa dada ukaanza kumsumbua. Mimi ndiye mjomba na naendesha bajaji. Nikasema kazi hiyo ni yangu.

Sasa mjue nilikotoka. Kabla ya bajaji nilikuwa na pikipiki, nikibeba mpunga kutoka mashambani ng'ambo ya Kivukoni kuleta mashineni kukobolewa. Mnajua tunavyofunga magunia kwa mpira wa tyubu, unavuta mpaka mikono inauma. Wenzangu hapa ni mashahidi, gunia langu halijawahi kudondoka. Wengine walikuwa wananiletea mizigo yao niwafungie.

Basi siku ya kwanza nilimkalisha mtoto kwenye siti ya nyuma, nikapitisha mpira tumboni, nikauzungusha nyuma ya siti, nikakaza.

"Mjomba, hujambana?" dada akaniuliza.

"Dada, nimefunga mpunga misimu mitatu. Huyu atanishinda?"

Akacheka, na mimi nikacheka. Ndugu zangu, nawaambia, kicheko kile mpaka leo nakisikia.

Wiki za mwanzo tulikwenda vizuri. Halafu ikaja siku ya mvua. Turubai la pembeni lilikuwa linapigwa na upepo, dada akalishika kwa mikono yote miwili ili maji yasimfikie mtoto. Aliniamini mimi na mpira wangu. Ng'ombe wakakatiza barabara, nikashika breki kwa nguvu. Mtoto akateleza kwenda chini, lakini mpira haukumfuata. Ukatoka tumboni, ukapita kifuani, ukafika shingoni. Hakulia, maana hakuwa na pumzi ya kulia. Dada alipogeuka ndipo akapiga kelele nisimame.

Nilikimbilia fundo. Lile fundo langu ambalo halifunguki, siku ile nalo halikufunguka. Mpira umelowa, vidole vinateleza, macho ya mtoto yamegeuka. Mama mmoja aliyekuwa anauza mboga kando ya barabara alikuja na kisu chake cha kukatia mchicha, akanisukuma, akaukata mpira. Mtoto akavuta pumzi, halafu akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Hospitali walimpima wakasema yuko salama, ila shingoni alibaki na mstari mwekundu. Dada hakunitukana. Alisema hivi tu: "Hatapanda tena."

Na kweli hakupanda. Mazoezi yakakatika. Mtoto akawa wa kulala ndani na kuangalia mlango. Kijiweni kuna mwenzetu, yumo humu leo na tulishasameheana, alinitania akasema, "Wewe ulimpeleka mtoto mazoezi au mashineni?" Watu wakacheka. Kesho yake nilirudisha bajaji kwa mwenyewe nikapanda treni kwenda Mlimba. Niliwaambia watu nakwenda kulima mpunga. Ukweli nilikuwa nakimbia ule mstari mwekundu. Dada alipiga simu mara nyingi, sikupokea.

Msimu ulikwisha hivyo. Siku moja akapiga kwa simu ya mtu mwingine, nikapokea bila kujua.

"Usikate," akasema. "Nilibahatika kupata lifti tukaenda mazoezi. Mguu wa kushoto umeanza kukaza. Mama wa mazoezi anasema asipohudhuria utabaki hivyo hivyo. Kumbeba siwezi tena. Rudi."

"Dada, mimi ndiye niliye..."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana nakwambia wewe. Rudi."

Nilirudi. Dada akanipeleka kwa yule mama wa mazoezi, mtaalamu wa viungo. Niliingia kichwa chini nikijua nitasemwa. Yeye akaniuliza kitu kimoja tu.

"Mpira uko wapi?"

Nilikuwa nao mfukoni, sikuwahi kuutupa; kipande kilichobaki bado kilikuwa kirefu. Akanitoa nje, akanikalisha kwenye bajaji iliyokuwa imeegeshwa, akaniambia nijifunge kama nilivyomfunga mtoto. Nikajifunga.

"Sasa legea. Usijishike. Teleza mbele."

Nikateleza. Mpira ukapanda mpaka kooni kwangu. Nawaambia, nilikaa na mpira ule shingoni, machozi yakanitoka mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni. Mama hakuharakisha kunifungua. Kisha akanikalisha sawa, makalio yamegusa nyuma kabisa, akachukua mkono wangu akaukandamiza hapa, chini ya kiuno.

"Hiki ni nini?"

"Mfupa."

"Mkanda unakaa hapa. Ukipanda tumboni, mtu atapita chini yake. Gunia unalifunga popote, gunia halina nyonga. Mtoto anazo."

Hapo ndipo nilipoinuka, ndugu zangu. Kumbe mtu mwenye kosa anaweza kufundishwa.

Mwenye bajaji alinirudishia, akakubali tutoboe bodi yake baada ya kumwona mtoto kwa macho yake. Tukaenda kwa fundi anayeshona siti karibu na soko. Mzee yule ana maneno. Nilipomwambia nataka kiti cha mtoto, akaniangalia juu mpaka chini: "Wewe si ndiye wa mafundo? Leo hufungi kitu hapa. Leo utashika tochi."

Nikashika tochi. Tulitafuta mikanda ya gari kwenye magereji. Wa kwanza niliompelekea ulikuwa umechanika nyuzi kidogo pembeni, akautupa. Kiti alikitengeneza kwa mbao na sponji ngumu, mbele kimeinuka kidogo ili mtoto asiteleze. Katikati ya mapaja kuna kigogo kilichoviringishwa sponji, pembeni kuna mito miwili ya kuzuia kiwiliwili, chini kuna ubao wa kukanyagia. Kiti kimefungwa kwa bolti kwenye chuma cha bajaji, na mikanda, wa nyonga na wa kifua, nayo imeshika chuma, haikushika siti.

Mara ya kwanza tulikosea. Kiti kilisimama mno, kichwa cha mtoto kikaanguka mbele. Mama wa mazoezi akasema tukilaze nyuma kidogo, tukafungua bolti zote tukaanza upya. Mimi nikataka kukijaribu kwa gunia la mpunga.

"Gunia tena?" fundi akasema. Walicheka mpaka dada akacheka, na nilikuwa sijamwona akicheka tangu ile mvua.

Dada alikuwa na sharti lake. Alifumba macho, akapapasa kifungio, akakibonyeza kwa kidole kimoja. Kikafunguka. Akafanya tena. Akafanya tena. Ndipo akasema, "Sawa. Na kengele je?"

Sisi wanaume hatukuelewa. Akasema, "Siku ile mwanangu alikuwa anakufa pembeni yangu na hakuwa na namna ya kuniambia." Fundi akaenda nyuma, akarudi na kengele ya baiskeli, akaifunga pale ambapo mkono wa kulia wa mtoto unafika.

Siku ya kwanza barabarani dada alimfunga mwenyewe. Kwanza nyonga, ndipo kifua, mbali na shingo. Kufungua ni kinyume chake, kwanza kifua, mwisho nyonga. Nilianza polepole. Kengele ikalia, nikasimama. Dada akamwangalia, mtoto mzima. Nikaondoka. Ikalia tena. Nilisimama kila baada ya nyumba tatu nne mpaka dada akasema, "Mjomba, huyu anatuchezea." Nikageuka nikamwona anacheka mdomo wazi.

Tulipita kwa yule mama wa mboga. Alinyanyuka na mchicha mkononi. "Ndiye yule?" Nikasema ndiye. Mtoto akampigia kengele. Kisha tukaenda mpaka darajani Kivukoni. Binti yetu miaka sita yote alikuwa ameona zaidi mgongo wa mama yake na dari ya nyumba. Siku ile aliona mto, kichwa chake kimesimama, akautazama mpaka tukafika upande wa pili.

Leo mguu umeanza kulegea. Na mwaka huu ameanza shule, nampeleka kila asubuhi.

Namshukuru mama wa mboga na kisu chake. Namshukuru mama wa mazoezi, fundi, na mwenye bajaji. Dada yangu namshukuru kwa simu ile. Wazazi, msimfunge mtoto kwa khanga wala kwa mpira. Kila mwili una kiti chake, nendeni kwa mtaalamu wa viungo awapimie. Na wewe uliyekosea na sasa umejificha, rudi, kuna kazi inakusubiri.

Kiti kipo hapo nje, mje mkishike kwa mikono yenu. Binti yetu amekaa ndani yake na mama yake. Akichoka kunisubiri atapiga kengele, na mimi kengele hiyo ikilia huwa naacha kila kitu.