Yadi Mia Mbili Alizoongeza Wistin Zerafa

Mpendwa wetu Wistin Zerafa alizaliwa Marsaxlokk, kisiwani Malta, tarehe 28 Agosti 1915, mtoto wa tatu wa mchonga mawe Ġanni na mkewe Roża. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuduwaa. Akitumwa chumvi, alikutwa gatini ameikodolea macho bahari, chumvi kaisahau kabisa.

Alisoma shule ya serikali hadi darasa la tano. Mwaka 1935 alijiunga na kikosi cha mizinga ya pwani, chini ya Waingereza, katika ngome iliyo juu ya ghuba. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya darubini na kutaja umbali wa kila chombo kwa yadi, na wapiga mizinga waliiamini sauti yake bila kuuliza. Kuduwaa kwake kukawa kazi ya mshahara.

Kabla ya mazoezi ya mizinga, kikosi kilipita nyumba kwa nyumba kuomba watu wafungue madirisha, vioo visipasuke kwa mshindo. Filomena Bugeja alikataa. “Wewe funga mzinga wako, mimi sifungui dirisha!” Kioo kikapasuka. Wistin akarudi na kioo kipya, kisha akarudi tena bila kioo. Walifunga ndoa tarehe 24 Aprili 1938.

Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1942, vita vikiwa vimepamba moto, mashua moja ilielea kwenye ukungu ndani ya eneo lililokatazwa. Ilipigiwa makombora mawili ya onyo, haikusimama. Wistin aliitambua: ya Nenu, kaka wa Filomena, aliyekuwa akivuta wavu na hakutaka kuukata. Sajini akaamuru ipigwe kweli. Wistin akataja umbali, akaongeza yadi mia mbili. Kombora likapita juu, wimbi likaipindua mashua, Nenu akaogelea hadi nchi kavu.

Kosa hilo lingemfunga Wistin, basi akanyamaza. Nenu alijua tu kwamba shemeji yake alikuwa zamu, na hakumsemesha tena. Jambo hilo lilimuuma Wistin hata baada ya kuacha jeshi mwaka 1955.

Machi 1984 aliugua mapafu. Oktoba alimsimulia binti yake Ġorġina siri ya zile yadi mia mbili, naye akaenda kumwambia Nenu. Mzee akaja mbio na ndara zake.

“Mbona hukuniambia, mjinga we?”

“Ungenisikia, shemeji? Mizinga miwili hukuisikia!”

Walicheka hadi Wistin akapaliwa. Tangu hapo Nenu alikuja kila siku. Wistin alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba, usingizini.

Ameacha mjane, Filomena; watoto Ġorġina, Pinu na Lonzu; wajukuu saba; na shemeji yake Nenu, aliyeomba yasomwe maneno haya: “Miaka arobaini na miwili nilimnunia, na yote ni yeye aliyenipa.”

Wistin wetu, pumzika kwa amani.