Upawa wa Elsie

Ndugu, jamaa na majirani, jioni ya Jumapili tarehe 9 Machi 2025, Elsie Mghoi Wesonga alisimama jikoni kwake hapa Voi akiengua mafuta juu ya supu ya mifupa, kama alivyofanya tangu mumewe aambiwe ana presha, na Mwalimu Crispus alipoomba aachiwe walau kijiko kimoja, akamjibu bila kugeuka, “Mwalimu, mishipa yako ni mali yangu, wewe kunywa chai.”

Elsie alizaliwa tarehe 2 Juni 1962 huko Sagalla, mtoto wa marehemu Mzee Mwandawiro na marehemu Mama Pauline, akasoma shule ya msingi hukohuko, akiteka maji kabla ya kengele, kisha akajifunza upishi Mombasa, na tangu Januari 1985 hadi alipostaafu mwaka 2022 alipikia shule ya bweni karibu na Voi, ambako wanafunzi walimwita Mama Upawa, kwa kuwa kwa upawa aligawa maharagwe na kwa upawa huohuo alinyoosha foleni.

Hapo ndipo alipokutana na Crispus Wesonga, mwalimu wa biolojia, mwana wa mfanyakazi wa reli kutoka Busia, wakafunga ndoa tarehe 19 Desemba 1987 kanisani Sagalla, na shangazi za bwana harusi walipoona bibi harusi alivyo mwembamba wakasema upepo wa Voi utambeba, naye akawajibu kwamba ndiyo maana anaolewa na mtu mzito. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lorna na Oundo, na mjukuu mmoja.

Tangu Novemba mwaka jana mgongo ulimsumbua, naye akasema ni sufuria za shule zinadai haki yao, lakini Jumapili ile, vyombo vikiwa vimeshaoshwa, maumivu makali yalimshika tumboni, jirani yetu Bwana Nzomo akawakimbiza hospitali kwa gari lake, na huko Elsie akafariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Kwa kuwa hapa matangani imeulizwa mafuta aliyoyataja daktari yalimwingiaje mtu mwembamba vile, na wengine wamerudia yaliyosemwa Mzee Mwandawiro alipoanguka shambani na kufa mwaka 1996, kwamba alilishwa kitu, familia imeomba ielezwe kama daktari alivyoeleza. Mshipa mkuu wa damu upitao tumboni ulikuwa umetuna, na ukuta wa mshipa huo nao hulishwa na vimishipa vidogo, ambavyo vikikosa damu ya kutosha ukuta hudhoofika, na mafuta huweza kujijenga ndani yake, mahali penye nyuzi za kuushikilia, ukazidi kulegea mpaka ukapasuka. Mafuta hayo si ya unene, upawa haungeyafikia, wala hayakuwekwa na mkono wa mtu, ila udhaifu huo huweza kupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Bwana Nzomo, majirani wote, walimu, na wapishi wenzake, hasa Bi. Kavinya aliyeshika jiko la matanga bila kuombwa.

Na kwa walionung'unika kwamba asubuhi ya Jumatatu mfiwa hakuonekana nyumbani, ijulikane kwamba alifunua sufuria, akakuta utando wa mafuta uliobaki umeganda juu ya supu, akauengua polepole, kisha akaenda kumwamsha Titus, ndugu pekee wa Elsie, na Titus aliposema si adabu kutoka kabla wazee hawajaketi, akamwambia, “Shemeji, wazee watatungoja, mshipa haungoji.” Picha ya tumbo iliyopigwa hospitali ilionyesha mshipa wa Titus nao umeanza kutuna, ungali mdogo, na madaktari wanaufuatilia. Waliporudi, Mwalimu alimpashia ile supu, akasimama kando yake mpaka bakuli likaisha.

Pumzika kwa amani, Elsie, upawa umeshikwa.