Bibi Kwanini na Ruhusa ya Mwisho

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka ishirini na tisa katika idara ya kompyuta ya hospitali yetu, Bibi Kwanini anastaafu. Alipoajiriwa alikuwa Dada Kwanini, akaja kuwa Mama Kwanini, na leo ana wajukuu. Cheo kimepanda, swali lake ni lile lile: kwa nini? Na tuseme ukweli: idara nzima tuna wasiwasi tutaishije bila yeye.

Kazi yake ilikuwa kuziwekea programu mipaka. Programu mpya ilipoletwa, aliinyima mafaili yote kwanza, akaiwasha, kisha akakaa na kikombe chake cha chai kusoma malalamiko ya programu kwenye skrini. Inataka kusoma folda ya picha? Kwa nini? Inataka kuandika humo pia? Kwa nini tena? Yenye sababu ilipewa ilichohitaji, basi. Wauzaji wa programu walimkoma.

Malaika hakuwa. Kuna asubuhi aliinyima programu ya maabara folda ya fonti, yaani maumbo ya herufi, akidhani haina kazi nayo, majibu ya vipimo yakatoka kwenye printa vijisanduku vitupu ukurasa mzima. Loo! Madaktari walikuja juu. Alirekebisha, halafu akapita wodi kwa wodi kuomba radhi mwenyewe. Muuguzi mkuu mpaka leo akimwona humchorea kijisanduku hewani.

Ilipoletwa programu ya kuangalia picha za eksirei, wakubwa walitaka ifunguliwe kila kitu ili kazi iende haraka. Akakataa. Aliitwa ofisini, akasemwa wee, nusura ahamishiwe stoo. Hakulegea: isome picha tu, isiguse kingine. Miezi michache baadaye wahalifu wa mtandao wakaingia kupitia programu hiyo hiyo. Picha waliziona, na hilo linamuuma hadi leo. Lakini hawakufuta hata moja, majalada ya wagonjwa hawakuyafikia, na upasuaji wa siku ile uliendelea kama kawaida.

Wiki iliyopita alikuja mezani kwangu, mimi ninayerithi kiti chake, na kazi yake ya mwisho: kufunga akaunti yake mwenyewe ya kompyuta. Nikamsihi tumwachie walau folda moja, ya kusoma tu, ili tukikwama atuchungulilie. Akaniuliza swali lake. Nikakiri kwamba naogopa tu. Akacheka, akasema mwanangu ungekuwa programu usingepita kwangu. Kisha akavuta kiti, akanisubiri mpaka nikabonyeza kitufe kwa mkono wangu.

Asante, Bibi, kwa kila ulichotunyima. Kapumzike sasa, ulale mpaka jua liwe juu, na wajukuu wakuchoshe kwa maswali yao, zamu yako imefika. Afya njema na siku nyingi.

Jana kaja muuzaji na programu inayotaka kusoma na kuandika kila mahali. Nikamuuliza kwa nini.