Mawinguni Hakuna Mjomba

Sogezeni viti, wanangu, na wewe mama yao zima hiyo redio, maana sauti yangu imebaki ya kuchota kwa kijiko. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka atakapofumba macho. Baada yake mtagawana nyinyi wawili sawasawa, wa kiume na wa kike, na atakayemburuta mwenzake mahakamani asiseme ni mtoto wangu. Hayo ndiyo mepesi. Zito ni hili linalonitetemesha, na msidhani ni homa.

Mmekua mkiambiwa kwamba mtoto wa shangazi yenu alikufa na ndege yake kwa sababu ya ukungu. Ukungu ulikuwepo, kweli. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, basi acheni niseme mwenyewe kabla hakijanisemea. Miaka ile nilikuwa mkaguzi mkuu wa marubani kwenye kampuni ya ndege, na hakuna kijana aliyeajiriwa pale bila sahihi yangu. Shangazi yenu akaja ofisini, hata kukaa hakukaa, akaniambia, "Kaka, mwanangu ana leseni, na huu mwaka wa pili anauza vocha za simu, nawe ndugu yangu ndiye uliyeshika mlango. Sasa wewe ni mjomba wa nani?" Nikamwingiza kijana kwenye ile mashine ya mtihani inayoigiza ndege, nikamzimia injini moja. Mara ya kwanza akaiangusha ndege. Mara ya pili mikono ikamganda, akanigeukia kunitazama, kama mtoto anayengoja kutajiwa herufi. Nikazima mashine, nikaandika: amefaulu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilichelea dada kununa, wakalia wengine.

Miezi saba baadaye akapangwa kwenye ndege ya mizigo na kapteni tuliyemwita Taratibu, rafiki yangu wa ujana, wawili tu ndani. Injini ya kulia ikafa wakiwa wanashuka kutua. Nilikuwa kwenye kamati ya uchunguzi, nikasikiliza kinasa sauti. Taratibu anasema, "Shika usukani, mimi nahangaika na injini." Kimya. "Shika, mwanangu." Kimya. "Shika!" Kisha hakuna tena. Kamati ikaandika ukungu na uzembe wa kapteni, na hapo pia nikatia sahihi. Mjane wake akahama nyumba ya kampuni huku watu wakinong'ona kwamba mumewe kaua kijana wa watu, na msibani shangazi yenu alimtemea mate mbele yangu, nami nikatazama viatu vyangu.

Binti yangu, usiiname. Mwezi uliopita uliniambia, "Baba, marubani wenzangu wote waliopata kazi wana watu. Mimi mtu wangu ni wewe, na umenyamaza." Hukukosea. Kujuana hufungua mlango, na asiye na mtu huzeekea nje leseni ikiwa mfukoni. Nimewaona, tena wengine hodari kuliko tuliowaingiza. Lakini mawinguni hakuna mjomba. Nilishindwa na maneno yako, nikapiga simu. Mkuu wa marubani wa sasa nilimfundisha mimi, Jumamosi alikuja na machungwa yake, akaniinamia sikioni, "Mzee, tulia. Mtihani wa binti ni wa kukamilisha karatasi tu." Asubuhi hii nimempigia tena, nikamwambia mpime kama mtoto wa mtu baki, akacheka akidhani ni unyenyekevu tu, "Mzee kwa adabu bwana!" Mlango nimeufungua, kuufunga siwezi.

Naogopa, mwanangu, kwa kuwa sijui kama unaweza. Sijawahi kuthubutu kukuona ukirusha ndege. Huenda ukawa hodari kutupita sote. Lakini wao hawatajua, wewe hutajua, hadi siku injini itakapokuuliza, na nyuma yako wamekaa watu na watoto wao.

Basi Jumatatu, siku ya mtihani wako, kataa kupimwa na yule wa machungwa. Omba yule mama mkaguzi wanayemwita Wembe, anayewaangusha watoto wa wakubwa na watoto wa wapishi bila kupepesa. Akikuangusha, mshukuru, kajifunze, urudi. Nawe mkubwa, kwenye begi langu la kazi, chini ya bitana, iko karatasi iliyotolewa na mashine siku ile, yenye makosa yote ya kijana. Mpelekee mjane wa Taratibu mkononi, kabla hajaja msibani kwangu kunililia bure. Akitaka kuitangaza, asizuiwe. Kisha nenda kwa shangazi yenu, ukamwambie haya yote. Mimi nimeshindwa miaka kumi na tisa. Uso wake nauogopa kuliko kaburi.

Niinueni... hapo, hapo. Nawapa radhi yangu yote, sikubakiza. Mama yenu msimwache peke yake. Mungu awatulize mioyo, awape... awape ujasiri niliokosa. Jumatatu, binti. Wembe. Umesikia? Sema ndiyo... sema kwa nguvu, mwanangu, sikii vizuri... sema.