Mama Soma Tena na Kopo Lililoandikwa "Goti"

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo na karibuni. Leo tunamkumbuka mfamasia mmoja. Mlimwita Mama Soma Tena. Nami nilimwita hivyo hivyo, mara nyingine kwa hasira. Ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na tisa.

Kwa miaka thelathini na minne alichanganya krimu za maumivu. Za magoti, za mabega, za viuno. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la dawa: mizani, kinu cheupe, na meza aliyoifuta mpaka ikapauka. Lakini kasheshe ilikuwa mbele, kaunta. Huondoki na kopo bila kusoma lebo yake kwa sauti. Asiyejua kusoma alisomewa, naye akarudia. Ukiruka mstari: "Soma tena." Siku moja nilisoma mbiombio kama taarifa ya habari. Akanitazama juu ya miwani. "Mtangazaji, hapo umewasomea watu. Sasa jisomee mwenyewe." Foleni nzima ikanicheka.

Ukali ule ulitoka wapi? Ulitoka kwa dada yake.

Dada yake mkubwa ni fundi cherehani. Zamani goti lilimsumbua kwa kukanyaga pedali kutwa. Mdogo mtu akamchanganyia krimu. Ndani mlikuwa na vitu vitatu: dawa ya ganzi, dawa ya kupunguza uvimbe, na pilipili ya kuleta joto. Juu ya kifuniko akaandika neno moja: Goti. Maelezo ya nini? Ni dada yake. Mazoea yana taabu, wapendwa.

Siku ya baridi, dada akajipaka tele, miguu yote miwili. Akazungushia nailoni. Akaweka na chupa ya maji ya moto juu yake. Nailoni na joto vikaisukuma dawa ya ganzi mpaka kwenye damu. Midomo ikafa ganzi. Masikio yakavuma. Moyo ukaenda ovyo. Mumewe akamkimbiza hospitali, kopo mkononi. Daktari akauliza, "Humu mna nini?" Shemeji akaligeuza huku na huku. Goti. Neno moja tu, goti. Mfamasia alikuwa safarini, hapatikani. Saa mbili zilipita kabla hajafika na kuvitaja vile vitu vitatu.

Dada alipona, Mungu ashukuriwe. Ametuambia hivi: "Nilidhani atalia. Hakulia. Aliomba kalamu, akachukua lile kopo, akaandika. Akajaza kifuniko, akazunguka pembeni mpaka chini. Nikamwambia, mdogo wangu, mbona nimeshapona? Akasema, 'Umepona, dada. Lakini si kwa sababu yangu.'"

Tangu hapo kila kopo lilitaja kilichomo na kinachoweza kufanya. Ganzi: paka kidogo, usifunike, usitie joto; midomo ikifa ganzi au masikio yakivuma, futa yote uwahi hospitali. Ya uvimbe: ni ndugu wa vile vidonge vya maumivu vinavyochokoza tumbo, useme kama unavimeza. Pilipili: itawasha, usiguse macho. Usipake penye kidonda. Na mstari wa mwisho: nawa mikono.

Mwaka huu ugonjwa ulimlaza, mgongo ukamtesa. Sasa dada ndiye aliyempaka, krimu aliyoichanganya mgonjwa mwenyewe. Na kabla ya kupakwa, ilikuwa lazima asomewe lebo. Ugonjwa haukumpunguzia kitu!

"Siku ya mwisho hakuweza kusema," dada anatuambia. "Nikamsomea vilevile, yote. Nilipofika 'nawa mikono' akanibana kidole. Nikampaka, nikaenda kunawa. Niliporudi, alikuwa ameshakwenda."

Kwa dada, kwa shemeji, kwa familia nzima: poleni sana. Msiba huu ni wetu pia. Mungu amlaze pema.

Na sisi tuliobaki? Acha nianze na mimi. Mwaka jana bega lilinirudia. Nikaiona foleni ya Mama Soma Tena, nikajiambia leo sina muda wa mitihani. Nikanunua kwingine. Kopo lenyewe ninalo hapa, mezani kwangu studio, na bado nalitumia. Nimeligeuza juu na chini. Limeandikwa Bega. Bega tu.

Nikitoka hapa naenda kuuliza humu mna nini. Nawe msikilizaji, fungua kabati lako.