Matia Wandera Hakuimba Kwaya

Wapendwa waombolezaji, naomba kwanza mfunge programu mlizopewa mlangoni. Ukurasa wa pili umeandikwa kwamba ndugu yetu marehemu Matia Wandera "alipenda nyimbo za injili na aliimba kwaya". Hakuimba kwaya hata siku moja! Wasifu nilioandika mimi, Proscovia, dada yake mkubwa, ndio huu nilioushika, na nitausoma wote.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1986, Busia, upande wa Uganda, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Yokana Wandera na Mama Federesi, muuza mitumba. Alisoma palepale mpakani, akamaliza kidato cha nne mwaka 2004. Mwaka mmoja kabla, mama alifungua robota akakuta fulana nyeusi yenye maandishi yaliyosokotana kama mizizi. Wateja waliikataa. Matia akaichukua, akaivaa hadi ikapauka bila kujua imeandikwa nini, mpaka alipoingia intaneti kafe na kulipata jina: Routakello, bendi ya Ufini, wapigaji wa ule muziki mzito wa magitaa unaoitwa metali.

Albamu yao ya kwanza ilikuwa kelele tupu, sikatai. Ngoma zilikwenda kama kinu cha posho kilichoishiwa mahindi, na mwimbaji alinguruma tu. Mama alimwambia, "Mwanangu, huyo mtu anaumwa, apelekwe hospitali." Matia alicheka hadi akakaa chini. Lakini baba alipofariki mwaka 2005, sisi wote tulinyamaza, na kelele ile ndiyo iliyomsaidia kulia.

Alifunga ndoa na Angella tarehe 10 Desemba 2011. Mwaka huohuo bendi ilitoa albamu ya pili, ya polepole, yenye kinanda. Machi 2014 alikuja Dubai, akawa mlinzi wa jengo la ofisi Oud Metha, akilala International City chumba kimoja na wenzake sita. Mwaka 2016, kwenye albamu ya tatu, yule mwimbaji akaacha kunguruma, akaimba kwa sauti yake ya kawaida. Albamu ya nne, ya 2022, haina hata ngoma. Mashabiki wa zamani wakaja juu mtandaoni, wakawaita wasaliti. Matia aliwajibu, na Twaibu aliyelala kitanda cha juu yake ni shahidi: "Mtu akikua, sauti nayo inakua. Mnataka angurume mpaka afe?"

Ijumaa, tarehe 17 Novemba 2023, Routakello walipiga hapahapa Dubai, na kampuni yake ya ulinzi ikampanga Matia zamu mbele ya jukwaa. Walinzi mliopo hapa mnajua kazi hiyo: mlinzi huangalia watu, haangalii jukwaa. Kwa saa mbili nzima aliwapa mgongo watu aliowapenda miaka ishirini, akiangalia vijana wanaozomea nyimbo mpya na kudai kelele za zamani. Wimbo wa mwisho ulipoanza, akageuza shingo kidogo. Msimamizi akamwita kwenye redio, "Matia! Yalla, uso kwa watu!" Akaurudisha. Kesho yake alinipigia simu kwenye nyumba ninayofanya kazi, hapa hapa Mirdif, nikiwa napiga pasi nguo za madam. "Dada, nimewasikia kwa mgongo. Walikuwa hatua nne tu." Mimi nililia kwa hasira. Yeye akasema inshallah siku moja atakata tiketi, akae kama watu wengine.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2024. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mkono. Siku mbili kabla alikuwa ameniomba jambo moja tu: ule wimbo wa mwisho upigwe siku ya kumuaga.

Nikalipeleka kwa kamati ya mazishi. Mwenyekiti wetu, Teresiah, akaniambia, "Dada, hiyo mambo ya shetani tuwache nje. Tutaweka kwaya, itakuwa tu sawa. Watu watasema nini?" Teresiah, umepanga viti, umepika chai, Mungu akubariki. Lakini hivyo sivyo! Mtu amelinda milango ya wengine karibu miaka kumi na moja, halafu siku ya kuagwa mnamvisha maisha ya mtu mwingine? Hata fulana yake mliitoa kwenye jeneza mkaificha nyuma ya jiko. Nimeiona, na nimeirudisha.

Marehemu ameacha mama, mjane Angella, watoto wawili, Nafula na Barasa, mimi dada yake, na Twaibu, aliyempeleka kliniki kila Jumamosi kwa miezi minane. Programu imemwita "jirani". Futeni, andikeni ndugu.

Kesho anasafiri kwenda Busia, atazikwa kando ya baba. Mmekuwa mkinong'ona tangu asubuhi kwa nini jeneza limewekwa kinyume. Ni mimi na Twaibu tumeligeuza, kwa sababu spika iko pale mbele. Twaibu, washa ule wimbo.

Matia, mdogo wangu, pumzika. Leo huna zamu, na hakuna wa kukuambia urudishe uso.