Mzee Mindra na Damu Isiyotakiwa Kuganda

Miaka thelathini na mmoja baada ya kuingia maabara yetu ya Koboko, Mzee Mindra anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni.

Alianza kwa kuosha vioo vya darubini, akasomea ufundi wa maabara, kisha akakabidhiwa damu ya wagonjwa. Timu ya Onduparaka ikicheza, redio yake ilisikika hadi wodini. Akiinamia darubini aliizima, hata iwe penalti.

Wanafunzi aliwafundisha kwa kopo la mafuta ya shea, magumu asubuhi, ya kumiminika mchana. Ngozi ya chembe nyekundu ya damu nayo ni mafuta, alisema. Yakiwa laini, chembe hujikunja ikapenya mshipa mwembamba kuliko yenyewe. Yakikakamaa, inakwama. Barafu ikiota ndani, ngozi inapasuka.

Mwezi Machi, mama mmoja, Keji, alijifungua hapa akatokwa na damu nyingi. Mzee alipiga simu benki ya damu ya Arua, kwa msaidizi wetu mgeni wa kazi aliyekuwa mafunzoni huko: afunge mifuko miwili ya damu katika sanduku la barafu, damu isigande. Msaidizi alifikiria kuganda kama kwa damu ya kidonda, akaona baridi kali itazuia, akailaza mifuko juu ya barafu yenyewe. Mzee alimaanisha kuganda kwa baridi.

Sanduku lilipofika, maji ya damu yaliyopaswa kuwa ya manjano yalikuwa mekundu. Chembe zilikuwa zimepasuka. Tombe, mume wa Keji, hakuelewa.

"Mzee, damu si iko hapa? Tia."

"Iko, lakini imeharibika. Hii haiingii kwa mutu."

"Nani alifunga hii?"

"Mdomo yangu ndiyo ilikosa, mwanangu. Ngoja na mimi."

Akamrudisha dereva Tahiru Arua, akaeleza upya kwa simu, polepole, kwamba kitambaa kikae kati ya barafu na mifuko. Kwa muda wa saa mbili na nusu alikaa kando ya kitanda, ameshika kiganja cha Keji, akihesabu mapigo. Damu ya pili ilifika ikiwa nzima. Keji yuko hai, na mtoto wake ameanza kucheka.

Jina la msaidizi Mzee hakulitaja, siku ile wala baadaye.

Mzee wetu, asante. Nenda kwenu Manibe ukalime, usikilize mpira hadi filimbi ya mwisho. Tunakuombea afya na siku za raha.

Aliyefunga sanduku lile ni mimi, Shakira.